Karatasi ya Ijumaa

31 Machi, Jumatatu

Sahani ya Idd imefika kutoka Kinondo, imefunikwa kwa kawa kama kawaida, imeletwa na mwendesha boda. Pilau, nyama ya mbuzi, vitumbua vinne. Abdurahman mshona makuti ameniletea sahani kila Idd kwa miaka thelathini na minane. Yeye ni Mwislamu na mimi Mkristo, na hajawahi kuniruka hata mara moja. Sikula. Koo langu halipitishi tena wali. Lakini hata koo lilipokuwa zima, sahani ile ilinishinda kumeza tangu ya kwanza.

Kisha nikaisikia sauti yangu ikimshukuru. Ilitoka upande wa pili wa ukuta, dukani, nzito na yenye kicheko, kama ilivyokuwa kabla ya upasuaji. "Ndugu yangu Abdurahman, Idd Mubarak. Sahani imefika. Mungu akuzidishie."

Mimi nilikuwa nimelala chali, kinywa kimefungwa.

Naanza kuandika leo. Daktari hakutaja miezi, alisema "msimu huu". Masika yanakaribia. Nina jambo la kusema kabla mvua hazijakwisha, na sina sauti ya kulisemea.

4 Aprili, Ijumaa

Afadhali nieleze nilipo. Chumba changu kimeshikana na duka la miche, hapa Mivumoni. Dirisha lina nondo, na ng'ambo yake naona wavu mweusi wa kitalu na safu za miche ya machungwa. Kitalu ni cha Jecinta, mke wa marehemu mwanangu, ila ubao wa barabarani una jina langu: KITALU CHA MZEE KISILU. Nilikuwa afisa wa kilimo miaka ishirini na sita. Watu wa pande hizi wakitaka mche humtafuta Bwana Shamba.

Walipokuwa wakinitafuta na mimi sina sauti, Jecinta alidhoofika. Wateja sitini kwa siku, huyu wa Vanga, yule wa Lungalunga, wote wanataka kujibiwa sasa hivi. Ndipo Cynthia, mjukuu wangu aliyesoma Mombasa, akaweka hiyo akili unde kwenye namba yangu ya simu. Huandika, na asiyejua kusoma humsemesha kwa sauti. Sauti aliitengeneza kutokana na ujumbe wa sauti niliokuwa nikiwatumia wateja miaka ya nyuma. Aliniomba ruhusa nikiwa hospitalini. Nilitikisa kichwa kukubali. Nilidhani ananiuliza kama nataka maji.

Kila Ijumaa huniletea karatasi moja. Ameandika upande wa kushoto maswali ambayo mashine haikuyaweza wiki ile, nami naandika majibu upande wa kulia. Anaipiga picha, na kuanzia hapo mashine inajua. Leo yalikuwa matano. Mmoja wa Vanga amepanda mchungwa penye maji ya chumvi na majani yanaungua ncha. Nimemjibu.

Siwezi kusema kazi hiyo ni mbaya. Jecinta sasa hula chakula cha mchana akiwa ameketi.

7 Aprili

Manyunyu. Miche imeoshwa vumbi.

11 Aprili, Ijumaa

Cynthia amenisomea yaliyomchekesha. Kijana mmoja wa Ukunda, mtu wa bara, ameandika: "Buda, miche iko ama mnatuzungusha tu?" Mashine ikamjibu, "Shikamoo nimeipokea, mwanangu. Miche ipo."

"Babu, hata hakukuamkia!" Cynthia akacheka mpaka akashika nondo za dirisha. "Umemfundisha adabu kwa nguvu."

Nilicheka pia, bila sauti. Kisha akasema, "Wanakupenda kuliko ulivyokuwa ukijibu mwenyewe. Zamani ulikuwa mkali."

Amekwenda. Simu inalia ting kila mara. Kila ting, mimi nasema kitu kwa mtu fulani, na sijui ni nini.

14 Aprili

Mvua ya kweli, tangu alfajiri. Ting.

18 Aprili, Ijumaa Kuu

Leo mchungaji alikuja na Ushirika. Alinipa daftari, nikamwandikia dhambi zangu. Niliandika hasira, na kiburi, na mwanamke mmoja wa mwaka sabini na moja. Akasema nimesamehewa. Nilikuwa nimemwandikia zile ndogo.

Kisha Cynthia akaleta karatasi, na safari hii alichapisha na mazungumzo mazima ya wiki, nione mashine inavyofanya. Kurasa kumi na moja. Swali linalorudi kuliko yote ni hili: chungwa lenu tamu hivi, lisilo na msimu, lilitoka wapi? Na jibu, kila mara, kwa jina langu: "Chungwa letu ni matunda ya utafiti wangu mwenyewe. Nilichagua miti bora kwa miaka mingi, nikaibebesha kwa mkono wangu."

Uongo huo ni wangu. Mashine haikuubuni. Niliuandika mimi kwenye karatasi ya kwanza kabisa, mwezi wa Desemba, kwa mwandiko mzuri. Maishani mwangu nilikuwa nimeusema labda mara kumi, na kila mara uliniwasha ulimi. Sasa unasemwa mara thelathini kwa siku, na hauwashi mtu.

Huu ndio ukweli wake.

Mwaka 1977 Abdurahman alipata mtoto wa kiume, Suleiman. Walizika kitovu chake nyuma ya nyumba, Kinondo, wakapanda juu yake mbegu ya chungwa. Mtoto alikufa kwa homa akiwa na miaka sita. Mti ukabaki, na wakauita kwa jina lake. Mama yake alikuwa akiwaambia watoto wengine, "Nenda kwa Suleiman, ukachume mawili."

Nilikula chungwa lile mwaka 1987, nikikagua michungwa kwa ajili ya ugonjwa wa manjano. Sijawahi kuonja kitu kama kile. Ganda jembamba, maji tele, na ilikuwa mwezi ambao hakuna mchungwa mwingine uliokuwa na tunda. Nilimwomba vikonyo, vile vijiti vyenye macho ya kuchipua, ambavyo ukivibebesha juu ya shina la mlimau unapata mti uleule. Akanikatalia. Alikuwa na makuti mapajani, anashona, wala hakuinua kichwa.

"Huyu ni mtoto, Bwana Shamba. Mtoto hakatwi vidole."

Nilikwenda nyumbani nikaandika ripoti kwamba mti ule una ugonjwa, na kwamba lazima ukatwe na kuchomwa ili mingine iliyo karibu ipone. Mti ulikuwa mzima kama mimi siku ile.

Siku ya kuukata hakutaka mkono wa mgeni. Alishika shoka mwenyewe. Matawi yalipoanguka, nilijifanya nayakagua, nikakata vikonyo kumi na viwili, nikavikunja ndani ya kitambaa kibichi na jani la mgomba, nikavitia kwenye mkoba wa serikali. Alipomaliza, jasho na machozi vimechanganyika, alinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Ahsante, Bwana Shamba. Umeniokolea ile saba iliyobaki."

Idd iliyofuata, sahani ya kwanza ikaja.

22 Aprili

Homa. Sikuandika.

24 Aprili, Alhamisi

Leo sikungoja nisomewe. Nilisikia kwa masikio yangu, kwa kuwa Jecinta alikuwa ameacha simu ikisema kwa nguvu.

Sauti ya Abdurahman, imezeeka, imekuwa na upepo ndani. "Bwana Shamba, salaam aleikum. Mkwe wangu wa Gazi ameniletea machungwa ya mti alionunua kwako. Nimekula moja, nimeshindwa kumaliza. Wallahi, ladha ni ile ya Suleiman. Hebu niambie, ndugu yangu, mti huu ulitoka wapi?"

Nilipiga ukuta. Nilipiga kwa kikombe, kwa ngumi, kwa kisigino. Nilifungua kinywa, na hewa ikapita tu kwenye tundu la shingo walilonitoboa hospitalini.

Na sauti yangu ikamjibu, tulivu, yenye huruma. "Aleikum salaam, ndugu yangu. Nimefurahi kwamba umelipenda. Chungwa letu ni matunda ya utafiti wangu mwenyewe. Ladha nzuri hutukumbusha wale tuliowapenda. Je, nikuwekee miche mingapi?"

Abdurahman akasema, "Ahsante. Nilidhani tu. Uzee huu."

Jecinta aliingia mbio. "Baba, kuna nini? Unataka chombo cha kutemea?"

Niliandika: SIMU. NIPE SIMU.

"Vidole vyako vinatetemeka, Baba, utafuta oda za watu. Pumzika."

Akaniosha uso kwa kitambaa cha uvuguvugu. Ni mwanamke mwema. Nalindwa na mwanamke mwema kila upande.

27 Aprili

Barabara ya Msambweni imekatika. Hata ningekuwa na miguu, nisingefika Kinondo.

1 Mei

Nilimwandikia Cynthia ukurasa mzima, nikampa. Alisoma mstari wa kwanza, simu ikalia, akaukunja akautia mfukoni. "Nitausoma jioni, Babu." Jioni suruali ilikuwa kwenye kamba, imefuliwa.

2 Mei, Ijumaa

Karatasi imekuja, maswali matatu. Nikagundua jambo ambalo lilikuwa mbele yangu miezi yote hii: Cynthia hasomi tena ninachoandika. Anaamini. Hupiga picha na kuondoka. Na mashine huamini kila kilicho kwenye karatasi.

Nilijibu yale matatu. Kisha, chini kabisa, kwa mwandiko uleule, nikaongeza la nne.

Swali: Chungwa hili lilitoka wapi? Jibu: Liliibwa. Ni mti wa Abdurahman mshona makuti wa Kinondo, uliopandwa juu ya kitovu cha mwanawe Suleiman. Mimi Kisilu niliandika kwamba unaumwa nao ulikuwa mzima, ukakatwa, nikachukua vikonyo. Namwomba radhi.

Akapiga picha. "Ahsante, Babu. Mwandiko wako, mashallah."

3 Mei, Jumamosi

Jecinta aliingia saa sita mchana, ameshika simu kama mtu aliyeshika nyoka kwa mkia.

"Kuanzia asubuhi, Baba, simu imewaambia watu kumi na tisa kwamba sisi ni wezi. Kumi na tisa! Tena kwa adabu! 'Ahsante kwa swali lako zuri. Chungwa letu liliibwa.' Halafu inawauliza kama wangependa kuwekewa miche!"

Cynthia alikuwa nyuma yake, analia na kucheka pamoja. "Mama, mmoja aliagiza hata hivyo. Miche arubaini."

"Nyamaza wewe!" Kisha akanigeukia, na sauti ikashuka. "Ni kweli?"

Nilitikisa kichwa: ndiyo.

Aliketi kwenye kigoda. Nje mvua ilikuwa ikipiga wavu. "Munee alijua?"

Munee alikuwa mwanangu, mumewe. Nilitikisa kichwa: hapana.

"Afadhali." Akainuka. "Baba, mimi nimezika mume katika nyumba hii. Wasichana wangu wamesoma kwa chungwa hilo. Sikuambii useme uongo. Nakuomba tu unyamaze, kama ulivyonyamaza miaka yote hiyo ulipokuwa na sauti."

Hakuna mtu aliyewahi kunipiga vizuri hivyo.

Jibu limefutwa. Lile la zamani limerudishwa.

9 Mei, Ijumaa

Hakuna karatasi. "Pumzika, Baba."

10 Mei

Kalamu yangu ya wino haionekani. Naandika kwa penseli ya kitalu, ile ya kuandikia vibao vya miche.

12 Mei

Mvua. Ting.

13 Mei

Mvua. Nimeanza kumchukia yule anayesema dukani. Ana subira ambayo sikuwa nayo, hacheleweshi jibu, na anampenda kila mtu. Leo alimfariji mama mmoja wa Lungalunga aliyefiwa na mbuzi. Mimi nisingefanya hivyo. Mimi nilikuwa mwerevu tu.

16 Mei, Ijumaa

Hakuna karatasi.

17 Mei, Jumamosi

"Hodi!" Nilijua kabla hajaingia. Fimbo yake ina mlio.

Abdurahman aliletwa na bintiye Mejumaa. Amekuwa mdogo, kofia imekuwa kubwa. Jecinta alijaribu kumketisha dukani. "Mzee, karibu chai kwanza."

"Chai baadaye, mama. Nimekuja kwa mwenyewe."

Akasimama mlangoni. "Salaam aleikum, Bwana Shamba."

Nilimtazama.

"Mbona hunijibu? Majuzi umenisemesha robo saa nzima."

Jecinta akasema chini chini, "Mzee wangu, Baba hana sauti tangu Novemba."

"Hana sauti?" Akaangalia tundu la shingo yangu. "Na anayenisemesha ni nani?"

"Ni... ni simu, Mzee. Inajibu yenyewe."

"Simu ina mwenyewe." Akaketi polepole. "Siku ya Idd nilimwambia mke wangu, Bwana Shamba kapona, sikia kicheko kile. Tukasoma dua ya shukrani. Mejumaa, tulimshukuria Mungu kwa nini?"

"Kwa simu, Baba," Mejumaa akasema, hakutabasamu.

Abdurahman akainama, mikono juu ya fimbo. "Sikulala vizuri kwa ile ladha. Jumamosi ile, wiki mbili sasa, nikauliza tena. Na safari hii sauti yako ikanijibu lingine. Ikaniambia habari ya ripoti, na ya vikonyo. Nikauliza mara tatu, na mara tatu ikaniomba radhi, tamu kama asali. Mwisho ikaniuliza kama kuna jambo jingine la kunisaidia. Nikamwambia Mejumaa, huyu si Kisilu. Kisilu hajapata kuwa na maneno matamu. Nimengoja barabara ifunguliwe nije nikuulize kwa macho. Yaliyosemwa ni yako, au ni ya simu?"

Niliweka kidole kifuani pangu.

Hakupiga kelele. Niliomba moyoni apige. Aliangalia nje, zile safu za miche, moja baada ya moja.

"Hii yote ni yeye?"

Nikakubali.

"Na iliyotoka, imekwenda wapi?"

Niliandika, Mejumaa akamsomea: Vanga, Lungalunga, Gazi, Kwale, mpaka Taveta.

"Basi Suleiman yuko kwa kila mtu," akasema, "isipokuwa kwangu."

Jecinta alikuwa analia. "Mzee, chukua miche. Ishirini, hamsini, nitakuletea mwenyewe kwa gari."

"Mama, mimi sikuja kununua." Akanigeukia. "Hiyo mashine imeniomba radhi. Wewe hujaniomba."

Nikachukua penseli.

"La. Mimi sijui kusoma, unajua. Unajua tangu ripoti ile, uliyonipa niweke kidole gumba."

Nikaziba tundu la shingo kwa kidole, nikasukuma hewa. Kilichotoka si neno. Ni mlio wa mlango unaoburutwa juu ya saruji. Mejumaa aligeuza uso. Nikasukuma tena, mpaka damu ikaja mdomoni.

Abdurahman alingoja nimalize. "Nimesikia," akasema.

Hakusema amesamehe. Alisimama, akashika nondo ya dirisha kujiweka sawa. "Kisiki kiliota uyoga, kikakauka, lakini bado kipo. Ndipo ninapokaa nikishona makuti. Miaka thelathini na minane nimemkalia mwanangu, namwomba Mungu akulinde."

Chai haikunywewa.

23 Mei, Ijumaa

Jecinta ameketi nami kwa muda. Baadaye nikasikia akimwambia Cynthia dukani, "Lile jibu la utafiti, litoe."

"Niweke lipi, Mama?"

"Weka kwamba swali hilo mwenye kitalu atalijibu mwenyewe, mtu akifika."

Si ukweli bado. Lakini si mimi tena.

30 Mei

Kalamu imerudi mezani. Sina nguvu ya wino.

7 Juni, Jumamosi

Idd ya kuchinja. Nimesikiliza boda zote zilizopita barabarani, tangu asubuhi mpaka magharibi. Hakuna sahani.

Ni Idd ya kwanza ambayo nimekula nikashiba. Uji tu, lakini ulipita.

13 Juni, Ijumaa

Mvua zinaisha. Cynthia ameleta karatasi, na juu yake swali moja tu, kwa mwandiko wake mwenyewe, si wa kuchapishwa. Alisimama huku nikilisoma.

"Mzee Abdurahman amepiga asubuhi," akasema. "Mashine ilipoanza kumjibu akaikatiza. Akasema, 'Huyu wa simu asinijibu. Mwambie mwenyewe.'"

Swali: Nikileta mche mmoja wa Suleiman nyumbani, niupande juu ya kisiki au kando?

Niliandika kwa saa nzima. Mkono ulilala mara mbili nikauamsha.

Jibu: Usipande juu ya kisiki, uozo wake utaua mizizi michanga. Nenda hatua tatu upande jua linakochomoza. Kitovu kiko palepale, mizizi itakifikia yenyewe. Chimba futi mbili kwa mbili, udongo wa juu uweke kando urudi wa kwanza. Kwenye shina utaona kovu, pale nilipobebesha. Usilifukie. Watu wengi hulifukia kwa kuwa ni baya, na mti hufa. Liache juu ya udongo, lionekane. Usiutie maji mengi. Mwaka wa tatu utazaa. Mimi sitakuwepo, na ni haki. Chungwa hili tusiliite tena kwa jina langu. Kisilu.

Cynthia aliketi ukingoni mwa kitanda akasoma yote, midomo ikitikisika, tangu neno la kwanza hadi jina langu. Nilimngoja atoe simu apige picha.

Hakuipiga. Alikunja karatasi mara mbili, akaitia mkobani. Akatoka nje kwenye wavu, nikamwona akipita safu baada ya safu, akiinama, akiinuka, mpaka akachagua mmoja. Dukani simu ililia ting. Hakugeuka. Alikuwa amekwisha kusimama barabarani, mche kifuani, akimpungia mkono mwendesha boda wa Kinondo.